Benchi Moja kwa Mifuko Mitatu

"Nimelipa pesa ya kununua mtaa mzima na watu wake," mwenye duka la vigae alikuwa anasema, "halafu mnanipeleka ng'ambo kuangalia soksi za watu zikizunguka kwenye mashine."

Alikuwa amesimama katikati ya ofisi, koti mkononi, jasho kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee," Dada Ramani akamwambia. "Kaa kwanza."

"Marahaba, na sikai. Nikikaa nitatulia, na leo sikuja kutulia. Mke wangu hajanisemesha tangu tulipotoka uwanja wa ndege. Nikimuuliza chai iko wapi, ananionyesha kwa kidole."

"Pole, mzee wangu."

"Pole yako haipiki chai."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kimebanwa kati ya duka la kutoa kopi na fundi viatu, kwa hiyo ukipanga safari unapanga huku unanusa gundi. Mabango ya ukutani yalikuwa yamepauka mpaka minara ya ng'ambo imekuwa na rangi ya uji. Meza ya mbele ilikuwa ya Dada Ramani. Ya nyuma, yenye droo inayofungwa na ufunguo, ilikuwa ya mama yake mdogo, mwenye ofisi, mama mnene mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuwaangalia wateja wabishi. Sasa hivi alikuwa amevaa hiyo ya pili.

Dada Ramani hakubatizwa hivyo. Mtaa ndio uliompa jina, kwa sababu alikuwa anaujua mji mmoja wa ng'ambo, mji wa madaraja, kuliko wewe unavyoujua uvungu wa kitanda chako, na hajawahi kuukanyaga. Mwambie unataka kwenda, atakuuliza kitu kimoja tu: mfuko wako ukoje?

Mfuko mwembamba alikuwa anaulaza hosteli, vitanda vya ghorofa, chukua cha chini maana cha juu kinapumulia dari. Maji kunywa ya bomba, ni salama. Mkate nunua dukani wakikaribia kufunga, wanapunguza bei. Usinunue tiketi ya tramu mojamoja, nunua ya siku nzima, panda mpaka uchoke. Mfuko wa kati aliupeleka hoteli ndogo nyuma ya stesheni, yenye kifungua kinywa ndani ya bei, na akawafundisha kushiba pale ili mchana wauruke. Mfuko mnene aliuweka hoteli ya mtoni, ile yenye mtu wa mlangoni aliyevaa glavu hata kama hakuna baridi, na dereva, na chakula cha jioni juu ya boti.

Watu walikuwa wanatoka pale wamenyooka kama waliopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kupotea. Kitu ambacho hakuna aliyekijua, labda mama mdogo peke yake, ni kwamba mifuko yote mitatu ilikuwa na alasiri moja inayofanana. Kwa mwembamba iliitwa kupumzisha miguu bila gharama. Kwa wa kati iliitwa kuonja maisha ya wenyeji. Kwa mnene, kwa sababu mnene hapendi kitu kisicho na jina zuri, iliitwa matembezi ya faragha. Lakini mahali palikuwa pamoja: benchi la mbao kwenye uchochoro nyuma ya soko la samaki, mbele ya dirisha la duka la kufulia nguo kwa mashine. Saa kumi. Na benchi lilikuwa moja.

"Dereva mwenye glavu akanifungulia mlango," mwenye vigae akaendelea. "Mvua inanyesha. Mke wangu na viatu vyake vya kisigino, na mimi na suti. Nashuka kwenye hiyo faragha yenu, namkuta nani kwenye benchi? Kinyozi. Kinyozi wangu mimi, mpangaji wangu. Amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, anakula mkate na samaki wa kopo. Ananiambia, karibu mzee, tusogeleane."

Fundi viatu wa mlango wa pili aliacha kugonga. Alikuwa anasikiliza, na hakuona haja ya kujificha.

"Na mlisogeleana?" mama mdogo akauliza.

"Tungefanyaje? Mvua ilikuwa inatoka kila upande."

Wateja wengi walikuwa wamewahi kulilalamikia lile benchi, na Dada Ramani alikuwa na majibu yake, matamu, yaliyokwisha kulainika kwa kutumika. Leo hakuyatoa. Alikuwa amekwama kwenye neno moja.

"Mvua, mzee? Saa kumi ile kulikuwa na mvua?"

"Mvua, giza, kama usiku. Ndani wamewasha taa. Ndiyo maana nakwambia nimeziona hizo soksi vizuri."

Hapo inabidi usimuliwe kidogo. Kitindamimba wa kwao, mdogo wake Dada Ramani, aliondoka kwenda mji ule zamani, wakati mama mdogo bado ana nywele nyeusi. Alikwenda kutafuta, kama watu wanavyokwenda. Mara ya mwisho kupiga simu alikuwa anapiga kutoka kwenye kibanda cha simu, na alikuwa anacheka. "Niko kwenye benchi hapa nyuma ya soko la samaki," alisema, "nasubiri nguo zangu zikauke. Saa kumi hii, jua linanipiga usoni, dada, nyie mko wapi." Halafu simu ikakatika, kama simu zinavyokatika. Hakupiga tena.

Walitafuta. Waliandika kwa ubalozi, wakapigia wenzake aliosafiri nao, na kila mmoja alimtupia mwenzake mpira. Mwishowe mama yao akasema yule mtoto amekufa. Alilisema mara moja, jikoni, akiwa anaosha sufuria, na tangu siku hiyo akaanza kula vizuri na kulala. Ndugu wakamshika mkono. Ukoo ukahesabu mmoja pungufu.

Dada Ramani hakuhesabu. Yeye alimchukua mdogo wake akamweka kwenye benchi lile, jua usoni, akamwacha pale miaka yote, kisha akaanza kumpelekea wageni. Tajiri kwa maskini. Kila aliyerudi alimwomba kitu kimoja, si zawadi, picha tu ya pale kwenye benchi. Wao walidhani anapenda kuona sura zao zimenawiri. Alikuwa hata hawaangalii. Alikuwa anaivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka nyuso zao zinatoka nje ya kioo cha simu, anabaki na dirisha la duka lililo nyuma yao. Na dirisha lilikuwa tupu. Jua la saa kumi lilikuwa linaligonga, linakuwa kioo, linarudisha uchochoro na watembea kwa miguu na benchi lenyewe. Miaka yote hiyo. Ndani ya duka hakuna aliyewahi kupaona, kwa sababu saa aliyoichagua yeye ndiyo saa pekee ambayo ndani hapaonekani.

"Ndani ulimwona nani?" akauliza sasa.

"Nimwone nani? Wafuaji. Kulikuwa na jamaa mmoja, mke wangu ndiye aliyenionyesha, akaniambia mtazame yule, kichwa chake hakiko sawa." Mwenye vigae akaliinua koti lake ili kuonyesha. "Anabana shuka kwa kidevu, hivi. Anakunja, anakunja tena. Halafu akimaliza, haliweki chini. Analiweka begani, analipigapiga mgongo. Kama anamcheulisha mtoto."

Na akalipiga koti lake pale begani, taratibu, mara mbili.

Mama mdogo akavua miwani.

Sasa, mama yao Dada Ramani alikuwa anafua mashuka ya nyumba ya wageni, huko nyuma. Kitindamimba alikuwa mtoto wa kulia, hanyamazi mpaka awe begani anapigwapigwa. Basi mama anakunja na mtoto begani, anapiga mtoto, anakunja, mpaka mkono ukazoea. Mtoto akakua akashuka, mkono haukushuka. Kila shuka likikunjwa lilipitia begani na kupigwa mgongo kabla ya kwenda kwenye rundo. Watoto wake wawili walifundishwa kazi hiyo pamoja na kosa lake. Dada Ramani mwenyewe alikuwa anafanya hivyo mpaka leo, kwa khanga, kwa gazeti, hata kwa bahasha za wateja. Watu walikuwa wanamcheka. Mtu mwingine wa kufanya hivyo duniani hayupo.

"Niitieni kinyozi," akasema.

Haikuwa lazima kumwita mbali. Kinyozi alikuwa mlangoni kwa fundi viatu, amekaa na ndala moja, anasubiri nyingine ishonwe. Alirudi safari kabla ya mwenye vigae, na tangu arudi alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Dada Ramani alikuwa amedhani hakuipenda hosteli.

Akaingia na ndala yake moja.

"Shikamoo, mama. Mzee, shikamoo. Dada, habari."

"Habari zako ndizo ninazozitaka," Dada Ramani akasema. "Picha yangu iko wapi?"

"Dada, mimi picha sikupiga."

"Kila mtu anapiga."

"Nilitaka kupiga. Nikamwona yule mtu." Akamtazama mwenye vigae, kisha sakafu. "Nilidhani mzee hakuona. Nikasema ninyamaze, maana kitu kama hicho ukikibeba vibaya unakuwa umewaua watu mara ya pili."

"Kibebe hivyohivyo."

Kinyozi akakaa bila kukaribishwa. "Mzee na mama walipoingia kwenye gari lao, mimi nikaenda kugonga dirisha. Nilikuwa nimemwona anapiga shuka mgongo, na mimi siku unanipa bahasha ya safari niliona umeipiga vilevile. Nikajua tu. Nikamwambia kwa lugha yetu, kaka, habari za kazi."

"Akasemaje?"

"Alitabasamu. Hicho ndicho kinachoninyima raha, dada. Alitabasamu kama mtu aliyesikia harufu ya jikoni kwao. Akaja mpaka kwenye kioo. Halafu mdomo wangu ukaniponza."

"Ulisema nini?"

"Nikamwambia, unakunja kama Dada Ramani wa mtaani kwetu. Nikautaja mtaa."

Kinyozi akafungua viganja vyake vyote viwili.

"Akaliachia lile shuka. Lilikuwa safi, likaanguka sakafuni, na hakuliokota. Akarudi nyuma, hakunigeuzia mgongo, anarudi huku ananitazama, mpaka akaingia mlango wa ndani. Taa zikazimika. Kesho yake nikaenda tena. Nikamkuta mama mmoja kwenye kaunta. Kwa ishara na kwa maneno yangu ya kuokoteza nikamuuliza yule mwanamume wa mashuka. Akaniambia hapa hakuna mwanamume anayefanya kazi. Hajawahi kuwapo."

"Basi ni mzimu," mwenye vigae akasema, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya ugomvi. Na akakaa.

"Mzimu haukimbii salamu," mama mdogo akajibu. "Wanaokimbia salamu ni watu."

Miaka yote Dada Ramani alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili: aambiwe kaburi liko wapi, au aambiwe nduguyo anakuulizia. Alikuwa na machozi ya la kwanza na nauli ya la pili. Hili la tatu, la mtu mzima aliyesikia jina la mtaa wa mama yake akazima taa, hakuwa ameliwekea akiba yoyote. Kwenye benchi lake la kichwani alitazama, kwa mazoea, amwone kijana amekaa na jua usoni. Benchi lilikuwa limelowa. Nyuma yake dirishani mtu mwenye mvi alikuwa anamtazama, na akatambua kwamba siku zote hizo jua linagonga kioo upande mmoja tu. Aliye ndani anaona nje vizuri. Wateja wake wote waliokwenda kukaa pale, na mifuko yao, na mazungumzo yao ya nyumbani, kuna mtu alikuwa anawaona. Anawasikia. Anakunja.

Mama mdogo akafungua droo yake kwa ufunguo. "Tiketi ya bure ya ofisi ipo," akasema. "Kila mwaka nakupa, kila mwaka unamgawia mtu, mara una mafua, mara nani ataangalia ofisi. Leo ofisi naangalia mimi. Nikupangie ya mfuko gani?"

"Mama mdogo."

"Nakuuliza. Maana ukienda unaweza kumkuta, na ukimkuta anaweza kukuzimia taa. Na usipoenda, jioni hii utaingia nyumbani, dada yangu atakuwa pale jikoni, anakula vizuri kama siku zote. Atakuuliza kazini kwema. Wewe hujui kudanganya, tangu mdogo. Utamwambia nini?"

Dada Ramani akasimama. Mtandio wake ulikuwa nyuma ya kiti. Akauchukua, akaubana kwa kidevu, akaukunja, akaukunja tena, akauweka begani. Mkono ukapanda. Wote watatu wakautazama, na yeye akauona unatazamwa. Ukabaki hewani, wazi, kama wa mtu anayetaka kugonga mlango na hana uhakika wa nyumba.

Akaushusha bila kugusa. Akachukua mkoba, akapita kati ya kiti cha mzee na ndala ya kinyozi.

"Sasa na mimi?" mwenye vigae akamwambia, pole pole, kwa sababu lazima mtu aseme kitu. "Mke wangu ataniuliza lile benchi lilikuwa la nini. Nimjibu nini?"

Mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. Kutoka ndani waliona anashuka ngazi, anafika barabarani. Kushoto ni kwao. Kulia ni kwa mkata tiketi wa ndege. Alisimama kidogo, amegeuza sikio, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake la utotoni. Halafu akaondoka, na lori la mchanga likapita katikati, na lilipokwisha kupita hakuna aliyeweza kusema ameelekea upande gani.