Kyai Lestari Kabatini

Pak Sumardi, mpiga video za harusi mjini Solo, alijiona fundi wa mafundi. Diski yake ya nje aliipa jina la heshima, kama jambia takatifu la ukoo: Kyai Lestari, "Kyai" likiwa neno la kumtukuza mzee au kitu cha kuheshimiwa. Kwenye kompyuta akatengeneza folda ya jina hilohilo, ndiyo iwe mlango wa diski kila inapochomekwa. Kisha bwana mkubwa huyo, kwa kuwa kitu cha heshima hakiachwi ovyo mezani, akaiviringisha diski kwenye batiki na kuifungia kabatini. Kila harusi akainakili kwenye folda, kifua mbele: "Kazi zangu anazilinda Kyai!"

Kompyuta ilipoungua, hakushtuka hata kidogo. Akaifungua batiki kwa adabu zote, akaichomeka diski kwenye kompyuta ya mkewe, Tumini. Nyeupe pe, haina hata harusi moja! Harusi zote zilikuwa zimeingia tumboni mwa kompyuta iliyoungua, maana bila diski kuchomekwa, folda ile ilikuwa jina tu.

"Baba Laras," Tumini akauliza, "tangu uiandae hiyo diski, umewahi kuichomeka?"

"Kyai hachomekwi ovyo!"

"Haya, mfukizie ubani, labda atakuhadithia hizo harusi."