Kwelea Aliyetulia

Wiki nzima niliharibu picha. Kamera niliifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, pembeni mwa shamba la mtama la shangazi yangu kule Ilongero, na kila kwelea niliyempiga picha alitoka na ukungu. Nililaumu upepo. Nilimfokea hata shangazi kwamba anapita karibu mno, shambani kwake mwenyewe.

Asubuhi moja kwelea mmoja akatulia juu ya kijiti. Nikampata jicho, mdomo, mpaka unyoya mmoja mmoja. Ndipo nikaona miguu yake imenasa kwenye ulimbo, utomvu unaonata ambao shangazi hupaka vijiti kuulinda mtama wake. Shangazi akaja kumnyonga.

"Shangazi, mwache kwanza," nikasema. "Mwanga bado mzuri."

Nikaendelea kupiga picha. Kila alipopapatika, nilisubiri achoke. Jua lilipokuwa kali, shangazi akamvunja shingo kwa vidole viwili.

"Mimi huwa siwacheleweshi," akasema.

Picha moja ya kwelea huyo iko ukutani sebuleni kwangu. Wageni huniuliza nilifanyaje hata ndege akatulia vile. Huwa nawajibu kwamba kazi hii inataka subira.