Bendera ya Ukanda Mwembamba

Jana nilikwenda Amerat kumtazama dada yangu, na njiani nikapitwa na gari lililovikwa bendera ya Oman kutoka boneti hadi buti. Sherehe za taifa zimekaribia tena. Bendera yenyewe ya plastiki, tena imebandikwa kichwa chini miguu juu, kijani juu na khanjari ya nembo imening'inia kwa ncha, na dereva anapiga honi utadhani ameikomboa nchi peke yake asubuhi ile. Nilicheka kwa dharau, sikufichi. Siku hizi bendera zinauzwa dukani karibu na sabuni za vyombo, na sherehe ikiisha zinafagiliwa pamoja na maputo. Lakini mwulize yeyote maana ya rangi zake, atakughania zote bila kuvuta pumzi.

Hata sisi tulighani. Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa tukikaa Mawaleh, katika nyumba iliyonukia iliki na vitunguu, kwa sababu baba alifanya kazi kwenye soko kubwa la hapo na kila siku alirudi na katoni la mboga zilizobaki. Kazi yangu nikitoka skuli ilikuwa kuchambua mchele na kumtilia Bibi uzi kwenye sindano. Bibi, mama yake baba, alitoka Unguja kabla sijazaliwa, na alishona kofia za mkono, zile zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa hariri kimoja kimoja. Alishona huku redio ikisema naye akiijibu.

Mwalimu wetu wa darasa, Abla kama tulivyowaita walimu wote wa kike, alitufundisha bendera kwa rula ya mbao mkononi. Nyeupe ni amani, nyekundu ni vita vya kuwatoa wageni, kijani ni rutuba na milima. Alisema kwa kiburi cha mtu aliyezichovya rangi zile kwa mikono yake. Kijani tulichokijua watoto wa Mawaleh kilikuwa cha bamia, lakini tuliandika rutuba. Kisha akatangaza kwamba kila msichana alete bendera iliyoshonwa nyumbani. Itakayopendeza kuliko zote itatangulia kwenye gwaride mbele ya wazazi, na aliyeileta ndiye atakayeibeba.

Niliitamani nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa. Darasani niliitwa Mzinjibari, mtoto wa nyumba wanakosema Kiswahili, na niliamini kwamba nikiibeba bendera mbele ya watu midomo yao itafungika.

"Lete kitambaa, mwanangu," Bibi akasema. "Ntakushonea bendera wenyewe watataka kujua fundi nani."

Akafungua sanduku lake, akatoa bendera ndogo aliyopewa mwaka aliofika Maskati, akaipima kwa vidole. Nyeupe vidole vinne, nyekundu viwili, kijani vinne. Khanjari na panga mbili alizishona kwa vitobo vya kofia, wiki nzima, miwani imemshuka puani. Aliniambia kwamba bendera ya utotoni kwao ilikuwa nyekundu tupu. "Haikuwa na khutuba," alisema. "Ukiiona, ushaijua."

Wala yeye wala mimi hatukujua kwamba mwaka ule ule vipimo vilikuwa vimebadilishwa. Ukanda mwekundu wa katikati ulikuwa umenenepeshwa, ikawa mikanda yote mitatu sawa kwa sawa. Nani angemwambia Bibi? Habari kama hizo hazikumfikia mtu anayeshona kofia uani.

Abla aliishika bendera yetu, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaitazama ile khanjari kwa muda. Moyo wangu ulijaa. Halafu akailaza mezani na kuiwekea rula.

"Nyekundu imepungua," akasema. "Hii si bendera ya Oman. Nani ameishona?"

Nyuma yangu wasichana walianza kucheka. Mmoja akasema, "Bibi yake, Abla. Hajui hata Kiarabu."

"Si bibi yangu," nikasema. "Ameshona khadama wetu."

Mtumishi wa ndani sisi hatukuwa naye, wala hatukuwa na uwezo wa kumweka. Abla aliridhika, akasema ndiyo maana, akaitia bendera kwenye mtoto wa meza. Iliyochaguliwa ilikuwa ya dukani, inanuka gundi, mama mtu ameibandua karatasi ya bei na kuiita kazi ya nyumbani. Vipimo vyake vilikuwa sawasawa, na hilo lilitosha.

Bibi aliponiuliza, nilimwambia imependeza. Kwa hiyo siku ya gwaride alikuja. Alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, akakaa safu ya mbele pamoja na mama za watu. Nilipita mbele yake katikati ya safu, mikono mitupu, nikamwona anainua shingo kutafuta bendera yake.

Baadaye Abla akaja kuwaamkia wazazi. Alipofika kwetu alisema kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Mwambieni khadama wenu apime vizuri siku nyingine. Mkono wake mzuri, ila nchi haijui."

Bibi alinitazama. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Inshallah, nitamwambia," akajibu, naye kwa Kiarabu, tena kilichonyooka. Kisha akaomba apewe bendera ile, amrejeshee mwenyewe.

Njiani alinishika mkono, akaniuliza kama nina njaa. Jioni alinitilia chai mimi kwanza na kunisogezea sahani ya vileja. Hakumwambia baba neno. Nilingoja kupigwa siku nzima, na nilitamani nipigwe, yaishe.

Abla nimemdharau miaka mingi, na kumdharau ni rahisi, yeye na rula yake. Lakini Abla alipima tu, na ukanda ulikuwa mwembamba kweli. Aliyemtoa Bibi nyumbani kwake kwa neno moja ni mimi. Leo nyumba ya Mawaleh imevunjwa, na katika ukoo wetu hakuna tena mkono unaojua kutoboa kofia. Bendera ile niliitafuta sandukuni Bibi alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikatoa kila kitu, sikuiona. Kila Idi nilimbusu mkono nikasema nisamehe, kama walivyosema wajukuu wote, naye akanijibu nimekusamehe, kama alivyowajibu wote. Neno lenyewe sikulitaja. Baba hakulijua, na dada yangu hata jana sikumwambia. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia kwamba bendera ile aliishona bibi yangu.