Kijiti cha Karani

Juzi barazani pa boma, hapa Kilwa, karani alikuwa akinunua mafuta ya ufuta ya kuwashia taa, akipima kila mtungi kwa kijiti chenye alama. Alipokitoa katika mtungi wa mwanamke mmoja, akataka kukichovya katika wa jirani yake, bibi wa Mitole. Bibi akamshika mkono.

"Kifute kwanza, mwanangu."

"Lakini bibi, hivi kilivyolowa kitaonyesha mengi. Faida yako!"

"Hayo ya juu ni ya jirani yangu."

Karani akacheka, akakifuta kwa kanzu yake mwenyewe, akapima. Vidole viwili chini ya mafuta ya jirani.

"Haya ndiyo yangu," bibi akasema, roho kwatu.

Siku hizi za vita, boma linapima vijiji, kipi kinatii na kipi kimeasi. Naomba tu, watu wa boma wakitoka kijiji cha jirani, wafute kijiti kabla ya kuja kwetu.