Siku Nilitandika Leso Mbele ya Goli

Chekeni tu, mmalize, maana hata mimi najicheka. Hapa Kaloleni sasa siwezi kwenda kununua omena bila mtu kuniuliza, "Mama, leo leso umeacha nyumbani?" Na mimi mtu mzima, nimeozesha wasichana, naona aibu mpaka nafunika uso na kikapu.

Ni hii mambo ya mpira. Mjukuu wangu Akinyi, ananiita Dana, yaani nyanya, anachezea klabu yetu, ile iko na timu ya wanaume na ya wasichana, na siku hiyo wasichana walicheza kwanza, wanaume wako kando wanajinyoosha na kucheka cheka (unajua wanaume). Wasichana ilikuwa lazima washinde. Wakitoka sare wanashuka ligi, na wakubwa wa klabu walishasema, hiyo timu ikishuka inavunjwa, ibaki ya wanaume peke yake. Akinyi hata chakula ilikuwa haipiti.

Sasa mimi nikajiambia, huyu mtoto akifunga goli leo hakanyagi mchanga. Kwetu si mnajua, mtu akileta sifa, sisi wamama tunamtandikia leso apite juu yake kama askofu. Nikafunga kiunoni ile leso yangu mpya nyekundu ya kanisa. Jirani yangu Mama Rehema akaniita na ile sauti yake tamu kama chai ya harusi, "Maaama, njoo ukae kivulini na sisiii." Nikakataa. Nikaenda kusimama karibu kabisa na goli, ndio nisichelewe kutandika. Hapo ndio nilijiharibia.

Mpira ikachezwa, ikachezwa, hakuna kitu. Mara Akinyi huyo anakuja, amepita mmoja, amepita mwingine, akapiga, tuu! Neti ikatingika. (Kumbe mpira imegonga mwamba, yawa! Na mwamba ikitingika si neti pia inatingika? Nani alinifundisha?) Nikapiga sigalagala, vigelegele vyetu, nikaingia mbio na hii magoti ya kupaka dawa, nikatandika leso mbele ya goli, nikanyoosha mpaka pembe.

Na mpira imerudi kwa mguu ya Akinyi. Kipa ananiangalia mimi, mdomo wazi. Akinyi akapita juu ya leso yangu, akaweka mpira ndani pole pole kama mtu anaweka yai.

Prrrrr! Refa, kamtu kadogo, sauti kama ya mbu: "Hapana goli! Hapana! Kuna mama uwanjani!" Akanyoosha kadi nyekundu mbele yangu. Mimi nikadhani ananipatia kitu, nikapokea na mikono mbili, "Asante, baba." Uwanja mzima ikalala chini kwa kicheko.

Akinyi hakucheka. Alisema tu, "Dana, umeniua." Mimi naigiza kila mtu, lakini hiyo sauti siigizi.

Kapteni wa wanaume, Oluoch, jitu na sauti ya ngoma, akanishika mkono kama nyanya yake. "Shosho, kuja hapa. Hutoki." Akaniketisha kwa benchi yao, nikajifunga leso yangu tena, naye akakalia pembe yake ndio nisikimbie tena uwanjani. Sasa hata wanaume hawakuwa wanacheka, walikuwa wanapiga kelele, "Wasichana, twende!" Mimi nauma kidole.

Karibu ya mwisho, kona ikapigwa, Akinyi akaruka na kichwa, ndani! Watu wote wakasimama. Mimi nimekaa.

"Oluoch, refa ameonyesha katikati, ni goli kweli?"

"Ameonyesha!"

"Uko na hakika?"

"Shosho, piga hiyo kelele yako, tafadhali!"

Nikaruka na sigalagala, lakini Oluoch na huo uzito wake bado amekalia pembe. Raaaaa! Leso yangu ya kanisa ikapasuka katikati, nusu kiunoni, nusu chini ya Oluoch, sketi nayo imevutwa ikashuka, mimi na sketi ya ndani mbele ya timu mbili.

Mpira ikaisha, wameshinda, timu imebaki. Akinyi akaja mpaka mbele yangu, amekunja uso. "Dana, si ulikuwa unatandika?" Nikatandika nusu yangu. Oluoch naye akapiga magoti, akatandika nusu yake. Mtoto akapita juu.

Siku hizi naenda bado, lakini nakaa kivulini na Mama Rehema. Na leso sifungui mpaka nione hako karefa kameonyesha katikati, na Oluoch awe amesimama.