Mama Usukani na Mumewe Asiyetaka Huruma

Jua limeshatoka lakini wateja hawajafika. Katika chumba chenye skrini nne na viti vya plastiki, mwanamke amepiga magoti kando ya meza. Amefungua usukani wa gemu, na vyuma vyake vya ndani vimetapakaa sakafuni. Anakaza springi, anajaribu kuzungusha, anatikisa kichwa, anakaza tena.

"Bado mwepesi," anasema. "Atanigundua."

Anayemhofia ni mumewe, ambaye yuko nyuma ya pazia akimalizia chai.

Watoto wa mtaani humwita Mama Usukani. Ndiye mwenye chumba hiki cha gemu na ndiye fundi wake. Inayogombewa hapa ni gemu ya mbio za magari iliyotokana na katuni ya zamani ya Kijapani, ya ndugu wawili wanaoshindana kwenye barabara za milimani. Wachezaji wengi hawajawahi kuiona katuni yenyewe; wazazi wao ndio walioikimbilia kwa jirani mwenye televisheni. Mbio tatu ni bei ya soda moja, na wapo wanaolipia mbili, ya tatu wakaikopa kwa macho makavu.

Mumewe alikuwa mmoja wa watazamaji wale wa kwa jirani. Husema katuni hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya udereva. Aliendesha malori ya safari ndefu mpaka kiharusi kilipomwangusha, mkono wake wa kulia ukawa hausikii akiutuma. Watu walikuja kumpa pole, wakaondoka, na nyumba ikabaki kimya.

Hospitalini walimpa mpira laini wa kuminya. Dereva hakuugusa, akasema yeye si mtoto mchanga. Ndipo siku moja mkewe akamketisha mbele ya skrini, akamshikisha usukani na kuwasha gemu ile. Muziki wa katuni ulipoanza, mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki na nguvu.

Mama alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo alipokosea. Alilegeza springi kwa siri ili usukani uzunguke wenyewe, na kila akicheza naye alikuwa akifunga breki kwenye kona ya mwisho. Dereva akashinda, akashinda tena, watoto wakampigia makofi. Jioni moja akauachia usukani na kumgeukia mkewe.

"Mama watoto, mimi nimekula kwa usukani maisha yangu yote. Huu hauna uzito. Usinidanganye kuhusu mkono wangu mwenyewe."

Anapoikumbuka jioni hiyo, Mama Usukani hufuta macho bila kujificha. "Alipougua nililia kwa hofu. Siku ile nililia kwa aibu. Nilidhani namsaidia, kumbe nilikuwa nimeshamzika nusu."

Wakakubaliana: springi itakazwa kidogo kidogo, na hakuna kuoneana huruma.

Pazia linafunguka. Dereva anaingia akiburuta mguu, anaubeba mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuuweka kwenye usukani. Vidole vinajikunja taratibu, vinashika. Mbio zinaanza, na kwa muda mrefu magari mawili yanakwenda sambamba. Kona ya mwisho gari lake linagonga ukingo, mkewe anampita bila kumsubiri.

"Umenipiga," anasema akicheka, na kwa furaha aliyonayo mtu angedhani yeye ndiye mshindi.

Daktari hajaahidi chochote. Mama Usukani ataendelea kukaza springi hadi usukani ufikie uzito wa lori la mumewe. Anapoulizwa kama haogopi kwamba barabara itamchukua tena, anaweka bisibisi mezani.

"Zamani kila akisafiri nilimnunia. Nilitaka akae nyumbani. Sasa namwomba Mungu siku moja asimame pale mlangoni, begi kalishika kwa mkono wa kulia, aniage. Nitamnunia kwa raha zangu zote."