Ng'ombe wa Bi Nyamizi na Mifuko Yangu ya Nailoni

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka ambayo ningefurahi kama ningeisahau. Nimezeeka, magoti yananigombeza kila nikiinama kusujudu, lakini siku ile ya mtaani kwetu Chemchem, Tabora, haikuzeeka pamoja nami. Nikikusimulia usinicheke sana. Cheka kidogo, kisha unisikilize.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami ni mke kijana mwenye mtoto mmoja mchanga, Hamisi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikata tiketi kwenye treni ya Dar es Salaam, na kila akirudi Tabora aliniletea mifuko ya nailoni, myeupe yenye maua mekundu. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wenzangu walikwenda sokoni na vikapu vya ukili. Mimi nilipita mtaa wa Gongoni na mfuko wangu unaning'inia, natembea polepole ili waone. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mama mkwe alikuwa amenisukia kikapu kwa mkono wake nilipoolewa. Kikapu kile nikawapa kuku watagie. Chumvi iliyokuwa kwenye kibuyu nikaihamishia kwenye nailoni, na kata ya kuchotea maji nikaiita ushamba. Mama mkwe alinivumilia, mpaka siku moja akasema, "Mama Hamisi, kikapu changu kikichakaa nakitupa shambani, kinakuwa udongo. Huo mfuko wako ukichakaa unaupeleka wapi?"

Nikacheka. Nilikuwa naupeleka nyuma ya nyumba, hakuna kwingine. Mfuko ukitoboka, hata ule wa chumvi, nautia vichwa vya dagaa wa Kigoma na mabaki ya ugali, nafunga fundo, natupa.

Sasa jirani yetu Bi Nyamizi, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyejilishia nyuma ya nyumba zetu. Ng'ombe yule ndiye aliyemlea Hamisi, maana maziwa yangu yalikauka mapema, na kila asubuhi Bi Nyamizi aliniletea kibuyu cha maziwa wala hakutaka kitu. Na ng'ombe, mwanangu, hupenda chumvi. Hilo kila mtu wa Unyamwezi analijua. Hata mimi nililijua.

Ng'ombe akaanza kukonda. Akaacha kula, tumbo likavimba upande mmoja, dawa za miti zikashindwa. Asubuhi moja alilala asiweze kuinuka, ikabidi mchinjaji aitwe mbio asije akafa kibudu. Mtaa mzima tukakusanyika. Mchinjaji alipopasua tumbo akavuta donge kubwa lililosokotana, akalimwagia maji. Maua mekundu yalikuwa bado yanaonekana.

Balozi wetu wa nyumba kumi akauliza kwa upole, "Jamani, nailoni hizi zimetoka wapi?"

Watu wakatazama chini. Maua yale waliyajua vizuri sana, maana niliwatembezea kila siku. Nami badala ya kusema kweli nikasema, "Ni upepo, balozi. Upepo huleta mengi."

Hata sasa ninapokuambia, nasikia uso unawaka. Mama mkwe aligeuka akaenda zake bila kunitazama.

Jioni Bi Nyamizi akapiga hodi. Mkononi alikuwa na bakuli la nyama, fungu letu, kama alivyowagawia majirani wote.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba. Mpikie mtoto mchuzi. Maziwa ndiyo basi tena."

Nikapiga magoti palepale mlangoni. "Mama, nailoni zilikuwa zangu."

"Najua, mwanangu. Mtaa wote unajua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Angenitukana ningepata nafuu. Hakunitukana. Kesho yake nikachukua jembe nikazichimbua taka zote nyuma ya nyumba mchana kweupe, wapita njia wakinitazama, na mifuko niliyoitupa miezi na miezi ikatoka mizima na mafundo yake. Hamisi nikamlea kwa uji mwembamba. Alikonda, na kila alipolia nilijua analilia nini. Bi Nyamizi hakupata ng'ombe mwingine mpaka alipofariki.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu langu likabaki zima; lililovunjika ni la jirani. Ndiyo maana nakusihi, mwanangu. Nenda sokoni na kikapu chako wala usione haya, haya niliiona mimi kwa kukiacha. Chumvi na unga vikae kwenye kibuyu, au kopo lenye kifuniko kama vibuyu vimekuwa adimu huko uliko. Maziwa yafuate na chombo cha nyumbani. Sufuria isugue kwa gunzi au dodoki, na mabaki ya chakula wape kuku, usiyafungie ndani ya kitu kisichooza. Na mfuko ukishaingia kwako, basi, ufue, uutumie tena na tena, uwe mzigo wako wewe, usimtupie mwenzio.

Na ukikosea, sema papo hapo. Kosa la nailoni nilisamehewa mlangoni, hata machozi hayajakauka. Uwongo ule wa upepo ndio ninaolala nao mpaka leo, kwa kuwa niliusema mbele ya mama aliyekuwa akimnyonyesha mwanangu kwa ng'ombe wake.

Mwenyezi Mungu akutunzie nyumba yako na walio jirani nayo. Akupe mgongo mwepesi wa kuinama kuokota taka zako kabla mtu hajalia. Na akikujaalia jirani kama Bi Nyamizi, basi akupe na ulimi wa kukiri, umfuate wewe kwake, asije akalazimika kuja kwako na bakuli mkononi.